Kwa Kila Nini? Hesabu ya Kilo Moja katika Nchi ya Chai

*Mhadhara kwa walimu, wakulima na wanafunzi wa Kericho na Bomet*

Leo nitawazungumzia habari za kugawanya. Najua wamo humu walioachana na hesabu siku ile ya mtihani wa mwisho, tena bila kuagana vizuri. Hao nawaomba subira. Hatutahitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba hesabu inayogusa mifuko ya watu wengi zaidi katika kaunti hizi mbili ni ile ya kizio kimoja: shilingi kwa kilo, kilo kwa shina, kilo kwa mchunaji kwa siku, magunia ya mbolea kwa ekari. Watoto wetu hufundishwa hesabu hiyo mapema, na wengi huipasi. Hata hivyo ndiyo inayotupotosha tukiwa watu wazima, kwa kuwa tunalipokea jibu bila kuuliza limegawanywa kwa nini. Dai langu ni hili: kiwango chochote hakina maana mpaka kizio chake kitajwe, na mwenye kukichagua kizio ndiye mwenye kuuelekeza mjadala. Nitalitetea kwa hoja tano, kisha nitajibu pingamizi ambazo nadhani baadhi yenu mmeshaanza kuziandaa.

Hoja ya kwanza: kugawanya ni rahisi, kujua cha kugawanyia ndiko kazi

Kiwango hupatikana tunapogawanya kitu kimoja kwa kitu cha aina nyingine: fedha kwa uzito, uzito kwa muda, mashina kwa eneo. Mwaka 2023 serikali ilipoteremsha bei ya gunia la mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500, mwenye gunia la kilo 50 angeweza kukokotoa kwamba kilo imeshuka kutoka shilingi 70 hadi 50. Njia ni ile ile ya darasani: bei ya vyote gawanya kwa idadi ya vizio, upate bei ya kimoja, kisha zidisha kwa idadi unayoitaka. Anayehitaji kilo 120 atalipa mara 120 ya shilingi 50, yaani 6,000. Hapo hakuna wa kubishana naye.

Ubishi huanza tukiuliza kama kilo ya mbolea ndiyo kizio kinachotufaa. Mmea haunufaiki na uzito wa gunia, unanufaika na virutubisho vilivyomo. Mbolea ya NPK ya 26:5:5 inayotumika sana kwenye chai ina asilimia 26 ya naitrojeni, maana yake kilo 13 ndani ya gunia la kilo 50. Kwa shilingi 2,500, kilo moja ya naitrojeni inamgharimu mkulima shilingi 192 hivi. Urea ina asilimia 46, yaani kilo 23 kwa gunia. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gunia la urea linauzwa shilingi 3,500. Ukilinganisha magunia, urea ni ghali kwa shilingi 1,000. Ukilinganisha naitrojeni, urea ni nafuu, kwa kuwa kilo inakuja kwa shilingi 152. Wakulima wawili, mmoja akilinganisha magunia na mwingine naitrojeni, wamehesabu bila kosa lolote na wamefikia uamuzi unaopingana. Sisemi mtoke hapa mkanunue urea: haina fosforasi wala potasiamu, na mtaalamu wa udongo ana neno lake la kusema. Nasema tu kwamba aliyewafikisha wakulima hawa njia panda ni kizio. Kikokotoo hakina hatia.

Hoja ya pili: kuna kilo mbili zenye jina moja

Kilo anayoipima karani kwenye kituo cha kununulia majani ni ya majani mabichi. Kilo inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa ni ya chai iliyokwisha kusindikwa na kukaushwa. Zote zinaitwa kilo, na hapo ndipo mazungumzo mengi ya chai huharibika. Mtu husikia redioni kwamba chai imeuzwa kwa dola 2 kila kilo, akizidisha kwa shilingi 129 za kila dola anapata shilingi 258, kisha anaitazama hati yake ya malipo ya mwezi, anaona shilingi 23 kwa kilo na kuhitimisha kwamba shilingi 235 zimeliwa njiani.

Tuikague hesabu hiyo kwa utulivu. Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Tukichukua kilo 100 za majani yenye maji asilimia 77, kitu kikavu ndani yake ni kilo 23. Chai inayotoka kwenye kikaushio hubaki na maji kidogo, kama asilimia 3, kwa hiyo zile kilo 23 ni asilimia 97 ya chai tutakayoipata. Gawanya 23 kwa 0.97, utapata kilo 23.7. Hivyo kilo 100 zimekuwa 23.7, na kilo moja ya chai kavu imehitaji takriban kilo 4.2 za majani. Sasa mvua inyeshe, majani yafike yakiwa na maji asilimia 80. Kitu kikavu ni kilo 20, chai ni kilo 20.6, na kila kilo ya chai kavu imekula kilo 4.85 za majani. Maji yameongezeka kwa pointi tatu tu, lakini kiwanda kinahitaji majani zaidi kwa asilimia 15 ili kitoe chai ile ile. Ndiyo sababu watu wa viwandani husema kwa ujumla kwamba kilo 4 na nusu za majani hutoa kilo 1 ya chai, na ndiyo sababu huo "ujumla" unastahili kuulizwa kila mwaka, kiwanda kwa kiwanda.

Turudi kwa msikilizaji wetu wa redio. Shilingi 258 za chai kavu, zikigawanywa kwa 4.5, ni shilingi 57 na senti kadhaa kwa kilo ya majani. Ukitoa 23 zilizolipwa, pengo ni 34. Pengo hilo bado ni kubwa na bado linadai maelezo: kuni, umeme, usafiri, mishahara, ada ya wakala wa usimamizi, na bonasi ambayo mkulima hulipwa mwisho wa mwaka. Lakini ni 34, si 235. Naomba wakulima mnisikilize vizuri hapa, kwa kuwa simtetei mtu. Anayeuliza zilikokwenda shilingi 235 hujibiwa kwa tabasamu na kuambiwa haelewi biashara. Anayeuliza zilikokwenda 34 lazima aonyeshwe vitabu.

Kuna pia suala la makato ya gunia. Tuseme kila gunia linakatwa nusu kilo kwa ajili ya uzito wa gunia lenyewe. Aliyeleta gunia la kilo 25 amekatwa asilimia 2. Aliyeleta la kilo 10, pengine mama mwenye robo ekari, amekatwa asilimia 5. Kanuni ni moja kwa wote, lakini kizio chake ni gunia ilhali malipo yanakwenda kwa kilo, na katika pengo hilo mdogo analipa zaidi.

Hoja ya tatu: viwango huungana, na mnyororo wake hutikisa mkia zaidi ya kichwa

Malipo ya mkulima hayatoki kwenye kiwango kimoja. Kuna dola kwa kilo ya chai, shilingi kwa dola, na kilo za majani kwa kilo ya chai. Viwili vya kwanza tunavizidisha, cha tatu tunagawanyia. Walimu, hili ni somo zuri kuliko mabomba mawili yanayojaza tangi, kwa kuwa linajisahihisha lenyewe kwa vizio: dola zinafutana, kilo za chai kavu zinafutana, na kinachobaki ni shilingi kwa kilo ya majani. Mwanafunzi akibaki na kizio kingine, ajue amezidisha mahali pa kugawanya.

Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Tushike bei ya mnada isiguswe kabisa, dola 2 kwa kilo, na tuchukue kwa mfano kwamba gharama zote za kiwanda ni shilingi 100 kwa kilo ya chai kavu. Kwa dola ya shilingi 160, mapato ni 320. Toa 100, zinabaki 220. Gawanya kwa 4.5, unapata shilingi 48.90 kwa kilo ya majani. Kwa dola ya shilingi 129, mapato ni 258. Toa 100, zinabaki 158. Gawanya kwa 4.5, unapata 35.10. Mkulima ameshalipwa 23 mwezi kwa mwezi katika hali zote mbili. Kwa hiyo bonasi katika hali ya kwanza ni 25.90, na katika hali ya pili ni 12.10.

Tazameni kilichotokea. Dola ilishuka kwa asilimia 19. Malipo yote ya kilo yalishuka kwa asilimia 28. Bonasi ilishuka kwa asilimia 53. Hakuna aliyeiba katika mfano wangu, maana nimeutunga mwenyewe na namba zake zote ziko mezani. Bonasi ndiyo mkia wa mnyororo, yaani masalio: gharama hutolewa kwanza, malipo ya mwezi hutolewa pili, na kilichobaki ndicho kinachobeba mtikisiko wote. Mwaka 2025, bonasi zilipotangazwa zikiwa chini na hasira ikapanda hapa Kericho na Bomet, na vilevile Kisii na Nyamira, mjadala ulijaa namba za bonasi peke yake. Sidai kwamba kushuka kwa dola ndiko kulikokuwa sababu pekee, wala kwamba hakukuwa na mengine ya kuchunguza. Nadai kwamba bonasi ni kipimo kibaya cha kuanzia uchunguzi, kwa sababu mabadiliko madogo ya halali yanaweza kuikata nusu, na kwa sababu hiyo hiyo wizi mdogo unaweza kujificha ndani ya mabadiliko hayo. Anayetaka kumkamata mwizi aukague mnyororo pingili kwa pingili: bei ya kuuzia, kiwango cha kubadilishia dola kilichotumika, uwiano wa majani kwa chai, gharama kwa kilo.

Hoja ya nne: viwango havijumlishwi kama magunia

Mazoea yetu ni kwamba tukiwa na namba mbili na tukitaka wastani, tunazijumlisha na kugawanya kwa mbili. Kwa viwango, mazoea hayo ni mtego. Chukulieni viwanda viwili vya kubuni. Cha kwanza kilinunua kilo milioni 10 na kulipa bonasi ya shilingi 15. Cha pili kilinunua kilo milioni 2 na kulipa shilingi 40. Msemaji anasimama na kutangaza kwamba wastani wa bonasi ni 27.50. Lakini kiwanda cha kwanza kililipa shilingi milioni 150 na cha pili milioni 80, jumla milioni 230 kwa kilo milioni 12. Kwa wastani, kilo moja ilipata shilingi 19.17. Ile 27.50 ni wastani wa viwanda, si wa kilo.

Kanuni yake ni fupi: rudi kwenye jumla kabla ya kugawanya. Fedha zote kwa kilo zote. Ni kanuni hiyo hiyo kwa mkulima mwenye mashamba mawili, kwa mchunaji aliyefanya kazi haraka asubuhi na polepole alasiri, na kwa mwanahabari anayetaka kulinganisha mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa. Malalamiko kwamba mkulima wa magharibi hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa mashariki, kule Kirinyaga au Murang'a ni ya miaka mingi, na tofauti yenyewe ni ya kweli. Kwa hiyo basi tuipime inavyostahili: malipo ya mwezi pamoja na bonasi, si bonasi peke yake, na kilo za kila kiwanda zikihesabiwa kwa wingi wake. Hoja yenye haki hudhoofika ikibebwa na wastani mbovu.

Hoja ya tano: kuchagua kizio ni kuchagua upande

Tukipanda chai kwa nafasi ya futi 4 kwa 2.5, kila shina linachukua futi mraba 10, na ekari yenye futi mraba 43,560 inabeba mashina 4,356. Kwa nafasi ya futi 5 kwa 2.5, inabeba kama 3,484. Tuseme shamba la kwanza linatoa kilo 5,000 za majani kwa mwaka na la pili kilo 4,500. Kwa ekari, la kwanza linashinda. Kwa shina, la pili linashinda: kilo 1.29 dhidi ya 1.15. Nani bingwa? Mwenye ardhi ndogo atasema wa kwanza. Anayenunua miche kwa mkopo ana sababu ya kumtazama wa pili. Kizio kinachofaa ni kile unachokipungukiwa.

Tuipeleke kanuni hii mahali penye uchungu. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa moto hapa Kericho. Tuseme mchunaji wa mkono huleta kilo 40 kwa siku, na mashine yenye watu wawili huleta kilo 400, yaani kilo 200 kwa mtu. Kilo 4,000 zilizokuwa zikihitaji watu 100 sasa zinahitaji 20. Mwenye shamba anahesabu gharama kwa kilo, na kwake mashine imeshinda. Anayeiendesha anahesabu ujira kwa siku, na huenda kwake pia imeshinda. Kijiji kinahesabu ajira kwa ekari, nacho kimepoteza nne katika kila tano. Hakuna anayesema uongo. Kila mmoja ameleta mezani kiwango cha kweli chenye kizio tofauti, na mkutano wowote wa maridhiano ambao hautaviweka vizio vyote vitatu ubaoni utaishia kwa kila upande kumwona mwenzake kipofu wa hesabu.

Pingamizi na majibu

Atasema mtu: simu zetu zina kikokotoo, ya nini kuwasumbua watoto? Simu itagawanya 258 kwa 4.5 bila kuchoka. Haitakwambia kwamba 258 ni ya kilo moja na 23 ni ya kilo nyingine. Kadiri mashine inavyotuondolea kazi ya kugawanya, ndivyo sehemu iliyobaki mikononi mwetu inavyokuwa ile ngumu, ya kuamua nini kigawanywe kwa nini.

Atasema mwingine, na hili ni pingamizi zito zaidi: hata mkulima akijua kila pingili ya mnyororo, uamuzi hautoki kwake. Dhuluma haiondolewi kwa kukokotoa. Nakubali kwamba haiondolewi kwa kukokotoa peke yake. Lakini wakulima wadogo wa chai ni wanahisa wa kampuni za viwanda vyao, na kila kiwanda kina mkutano wake mkuu wa mwaka. Katika mkutano huo, kelele huandikwa kwenye kumbukumbu kwa mstari mmoja. Swali lenye kizio, kwa mfano kwa nini kiwanda chetu kilitumia majani mengi kwa kilo ya chai kuliko jirani yetu anayenunua kwenye vilima vile vile, lazima lijibiwe kwa namba, na namba hiyo itakuwepo mwakani kulinganishwa.

Na atasema wa tatu, pengine mchunaji mwenye mkono mwangalifu: kilo haijui ubora. Majani mawili na chipukizi hupimwa kwenye mizani ile ile na majani makuukuu. Ni kweli, na hapa hisabati haina budi kunyamaza kidogo. Kiwango huonyesha tofauti, hakielezi sababu yake. Malipo yanayohesabu uzito tu humtuza mwenye haraka na kumwadhibu mwenye uangalifu, kisha bei ya mnada humrudia kila mmoja bila kumtambua. Lakini angalieni kwamba hata lawama hii ni lawama dhidi ya kizio. Dawa yake ni kubuni kizio bora, kilo ya majani yenye daraja, na kukubaliana nani atapima.

Yaliyo mbele yetu

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo matatu yanayowezekana kabla ya mwaka wa fedha wa chai kufungwa tena Juni 30.

Kwanza, viwanda vichapishe kwenye hati ya malipo ya bonasi mnyororo mzima kwa mistari minne: wastani wa bei ya kuuzia kwa kilo, kiwango cha kubadilishia dola kilichotumika, uwiano wa majani kwa chai, na gharama kwa kilo. Hakuna siri ya biashara hapo kwa mtu ambaye ni mwenye kampuni.

Pili, walimu wa sekondari msingi waziingize hati hizo darasani mada ya viwango na uwiano inapofika, majina yakiwa yamefutwa. Mtoto wa Litein au wa Mogogosiek hahitaji kukokotoa kasi ya treni asiyowahi kuiona. Ana gunia, mizani na risiti nyumbani. Mpeni risiti tatu za miezi tofauti aseme ni mwezi gani familia ililipwa vizuri, kisha mwulizeni: vizuri kwa kilo, kwa ekari, au kwa saa ya kazi?

Tatu, vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha wakulima kwa dhamana ya bonasi vitengeneze makadirio ya bonasi kwa kuufuata mnyororo mzima, wala si kwa bonasi ya mwaka jana. Tumeona kwamba asilimia 19 upande mmoja inaweza kuwa 53 upande wa pili, na mkopo haupungui pamoja nayo.

Haya hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji watu waliozoea kuuliza "kwa kila nini?" kila wanapotajiwa namba, iwe na mwanasiasa, mkurugenzi, mwenye duka la mbolea au mhadhiri. Sasa niko tayari kwa maswali, na kila swali lenye namba naomba lije na kizio chake.